Kufuli la Pesa na Kufuli la Ujuzi

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, vyaelea vimeundwa. Walikuwa wakisema habari za vyombo vya baharini, lakini nadhani wangalikuwa hai leo wangaliongeza kwamba na vinavyoruka pia vimeundwa. Tena wangaliona ajabu nyingine: siku hizi kuna ndege zisizo na bati wala bawa la kushikika, zinazoruka ndani ya kioo cha kompyuta tu, na bado watu wazima hukosana kwa sababu yazo. Sisi hapa shuleni hatujafika utu uzima, lakini kukosana tumekwisha kukosana.

Wasomaji wapendwa, wengi wenu mlisikia yaliyotokea katika maabara ya kompyuta Siku ya Wazazi, muhula wa pili. Yamesemwa mengi mabwenini, mengine ya kweli na mengine ya kupikwa. Mimi nilikuwapo. Tena si kuwapo tu: mimi ndiye mweka hazina wa chama cha kompyuta, na neno lililozungumzwa sana siku ile lilitoka kinywani mwangu. Muhula ujao wanachama tutapiga kura kuamua kama sheria iliyoleta yale yote ibaki au ifutwe. Ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi katika jarida letu la Kiswahili, nitoe maoni yangu kabla ya kura. Hebu nianze na kisa chenyewe.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa zamani aliiletea shule kompyuta yenye nguvu, pamoja na usukani wa ndege na kanyagio zake. Ndani mlikuwa na gemu ya urubani, Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, toleo la kawaida. Tulifurahi kama watoto wa chekechea. Lakini furaha haikukaa. Baada ya wiki tatu wenzangu walianza kunung'unika, ati ndege zilizomo ni zile zile, ati wanataka ndege kubwa ya abiria iliyoundwa barabara, ambayo kila swichi katika chumba cha rubani inafanya kazi. Ndege ya namna hiyo huuzwa peke yake kama nyongeza. Tukaketi, tukaamua kila mwanachama achange shilingi 300. Kati ya wanachama 31, waliochanga ni 22. Kisha tukatunga sheria, na mimi ndimi niliyeiandika kwa mkono wangu: asiyechanga haigusi kompyuta ile.

Miongoni mwa wale tisa alikuwamo rafiki yangu mmoja. Sitamtaja jina. Nitamwita Jirani, kwa kuwa vitanda vyetu vimekaribiana bwenini. Jirani hakuteta. Alihamia kwenye kompyuta kuukuu iliyo pembeni, karibu na dirisha, ambayo ina programu nyingine ya urubani iitwayo FlightGear. Hiyo ni ya bure kabisa. Huko alikuwa akirusha Cessna 172, kindege cha viti vinne chenye propela moja, na daima alikuwa na daftari kando yake. Sisi tulikuwa tukimcheka, tunamwita rubani wa tuktuk.

Siku ya Wazazi ilipofika, mwalimu mlezi wa chama alituomba tuwaonyeshe wageni ndege ikipaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, izunguke, kisha itue pale pale. Tukaifungua ndege yetu mpya ya abiria. Wa kwanza alishindwa hata kuwasha injini. Wa pili aliwashiwa na kompyuta yenyewe, akapaa, akaanguka upande wa Athi River. Wa tatu alikuwa mimi. Niliteremka kwa kasi kupita kiasi, nikaupita uwanja wote, nikaishia kwenye majani. Wazazi walicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upole, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo ndipo mama mmoja aliyevaa leso mpya, aliyesafiri kwa matatu mbili ili afike, alimuuliza mwanawe, "Na wewe, baba, hupandi?" Mwanawe alikuwa Jirani. Jirani hakujibu, akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi. Nami, kwa aibu ya kuanguka na kwa kiburi cha cheo, nikasema, "Hajachanga, mama. Sheria ni ya chama."

Mama yule hakukasirika. Alifungua kibeti chake akauliza, "Ni pesa ngapi, mwanangu?" Nikamwambia mia tatu. Akazihesabu zilizokuwamo, na kila aliyesimama pale alijua kwamba anahesabu nauli ya kurudia. Jirani akamshika mkono akasema, "Wacha, mama. Sitaki." Wakatoka nje.

Naam, kisa ndicho hicho, sikupunguza wala sikuongeza. Sasa nije kwenye maoni yangu. Nasema hivi: kufuli katika gemu za ndege si jambo baya. Lakini makufuli yako namna mbili, la pesa na la ujuzi, nasi tuliweka la pesa mahali palipostahili la ujuzi.

Kwanza tuelewe kwamba biashara ya nyongeza haikuanza jana. Gemu ya kwanza ya Flight Simulator iliyotolewa na Microsoft ilitoka mwaka 1982, ikitokana na kazi ya Mmarekani aitwaye Bruce Artwick na kampuni yake ya subLOGIC. Humo mlikuwa na ndege aina ya Cessna 182, na mchezaji alianzia Meigs Field, uwanja mdogo uliokuwa ukingoni mwa ziwa mjini Chicago. Katika miaka ile ile ya themanini subLOGIC ilianza kuuza diski za mandhari: ukitaka kuruka juu ya sehemu nyingine za Marekani, nunua diski yake. Kwa hiyo kufuli la pesa lina umri kuliko baadhi ya walimu wetu, na nasema hivyo kwa heshima.

Tangu hapo matoleo yamezidi kugawanywa. Gemu ya mwaka 2006 iliuzwa kwa matoleo mawili, na lile la ghali lilikuwa na ndege nyingi zaidi. Ile ya mwaka 2020, iliyoundwa na kampuni ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, ilikuwa na matoleo matatu. La kwanza lilikuwa na ndege 20, la pili 25, la tatu 30. Bei zake nchini Marekani zilikuwa takriban dola 60, 90 na 120. Viwanja vya ndege vya dunia nzima vimo katika yote matatu, lakini vile vilivyochongwa kwa uangalifu vilikuwa 30, 35 na 40. Viwanja vya Cairo na Cape Town viliwekwa katika toleo la pili. Nayo Boeing 787, jamii ya zile Dreamliner ambazo Kenya Airways imekuwa ikizirusha tangu 2014, iliwekwa katika toleo la tatu. Maana yake, mtoto wa Embakasi anayeiona Dreamliner ikipita juu ya paa lao kila siku alitakiwa kuongeza dola 60, yaani zaidi ya shilingi 7,000 zetu, ndipo aiguse katika gemu. Toleo la Novemba 2024 lilikwenda mbali zaidi. Likauzwa kwa ngazi nne, zenye ndege 70, 80, 95 na 125.

Je, huu ni wizi? La hasha! Mgala muue na haki yake umpe. Kuunda ndege moja ya kompyuta si kuchora picha ya ndege. Ni lazima waundaji wasome vitabu vya ndege halisi, warekodi sauti za injini, wapige hesabu ya namna bawa linavyobeba uzito na namna mafuta yanavyopungua, kisha waunganishe mamia ya swichi ili kila moja ifanye kazi yake. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa ndege kubwa hata miaka. Seremala akiuza kabati hatumwiti mwizi. Basi na fundi wa ndege za kompyuta ana haki ya kula jasho lake. Wale wenzetu wanaotafuta ndege za wizi kwenye intaneti, kisha wakajisifu mezani wakati wa chai, mimi siko pamoja nao. Zaidi ya hayo ni hatari. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba kampuni moja iliyouza ndege ya nyongeza ilikuwa imeficha ndani yake programu ya kunyakua maneno ya siri ya watu walioingiza namba za wizi. Kampuni ilikiri na kuiondoa baada ya wateja kupiga kelele. Mwizi aliibiwa, na aliyemwibia naye akaumbuka. Nani hapo wa kusifiwa?

Lakini kama fundi ana haki, mnunuzi naye ana yake. Mfano mzuri ni gemu iitwayo Microsoft Flight, iliyotoka Februari 2012. Ilitolewa bure, na watu wakaipokea kwa mikono miwili. Kumbe bure ile ilikuwa na mipaka. Ulipewa kisiwa kimoja tu cha Hawaii na kindege kimoja, Icon A5, kinachoweza kutua majini. Ukijiandikisha kwa akaunti unaongezewa ndege ya kale ya mabawa mawili, Boeing Stearman. Ukitaka visiwa vingine vya Hawaii, lipa. Ukitaka ndege zaidi, lipa. Nayo yote haya yangevumilika, maana hakuna duka la bure duniani. Kilichowaudhi watu ni ndege ya kivita ya P-51 Mustang, iliyouzwa bila chumba cha rubani. Unainunua, lakini huwezi kuketi ndani yake. Unaitazama kwa nje tu kama mtu anayekimbiza tiara. Sasa huo si urubani, bwana. Ni sawa na kuuziwa nyumba ukaambiwa utaishi uani. Kufikia Julai mwaka ule ule kampuni ilisimamisha kazi ya kuiendeleza gemu hiyo. Haikumaliza hata miezi sita. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kuna tatizo jingine tunalosahau, nalo ni kwamba siku hizi vitu vingi tunavyonunua hatuvishiki. Gemu ya 2024 huvuta mandhari na hata sehemu za ndege kutoka kompyuta za mbali kupitia intaneti. Siku ilipotolewa, tarehe 19 Novemba, watu walijazana hata kompyuta zile zikalemewa. Waliolipa toleo la chini na waliolipa la juu walikaa pamoja wakitazama mstari wa kusubiri usiosogea, na wengine waliofanikiwa kuingia walikuta baadhi ya ndege zao hazipo. Basi sisi wenye intaneti ya maabara, ambayo mvua ikinyesha huzimika, tufikiri mara mbili kabla ya kuweka akiba ya chama chote katika kitu kinachokaa Ulaya au Marekani. Ndege yetu ya shilingi 5,900 ilichukua siku tatu kushuka kutoka kwenye intaneti. Mwajua wenyewe, maana siku hizo tatu hakuna aliyeweza kufungua barua pepe yake.

Hilo ndilo kufuli la pesa. Sasa tulitazame la pili.

Katika gemu hiyo hiyo ya 2024 kuna sehemu ya kufanya kazi ya urubani. Ukitaka kuruka kwa raha tu, ndege za toleo lako zi wazi tangu siku ya kwanza. Lakini ukichagua safari ya kazi, unaanza chini kabisa. Unafundishwa na mwalimu, unafanya mtihani, unapata leseni ya kwanza, ndipo unapewa vibarua vidogo vidogo kama kuwatembeza watalii angani. Kila cheti kinafungua kazi nyingine: kubeba mizigo, kuokoa wagonjwa, kuzima moto wa msituni. Ukishakusanya fedha za mchezo, unajinunulia ndege yako. Hapo mtoto wa tajiri na mtoto wa mama mboga wakishakaa mbele ya usukani ule ule huulizwa swali moja: je, unaweza kutua?

Kufuli la namna hii halikubuniwa na watu wa gemu. Limeigwa kutoka kwa urubani wenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo lina ofisi ya kanda hapa Nairobi, limeweka viwango ambavyo nchi wanachama huvifuata. Leseni ya rubani binafsi yataka uwe na miaka 17 na uwe umeruka angalau saa 40. Ya kibiashara yataka miaka 18 na, kwa kawaida, saa 200. Ile ya juu kabisa, ya kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria, yataka miaka 21 na saa 1,500. Hata ukishaipata hupewi tu funguo za Dreamliner. Ni lazima usomee aina ile ya ndege na kupimwa. Kweli, masomo yenyewe ni ghali, nalo ni donda jingine la kuandikiwa makala yake. Lakini hakuna abiria anayetaka rubani aliyefika mbele kwa sababu alichanga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na urubani ni kuinama kwingi.

Sasa turudi maabara. Ulipofika usiku wa Siku ya Wazazi sikupata usingizi. Jirani alikuwa amelala, au amejifanya amelala. Asubuhi nilimwomba daftari lake nikalisoma wakati wa mapumziko, na ndipo nilipojua kiasi cha ujinga wangu. Alikuwa ameuchukua utaratibu wa kurusha Cessna, ambao umeandikwa kwa Kiingereza kigumu, akaugeuza wote kuwa Kiswahili chake mwenyewe. "Breki ya kuegesha: funga. Usukani: vuta, sukuma, zungusha kushoto na kulia, utazame nje kama mabawa yanatii. Mafuta: fungua matangi yote mawili. Nguvu ya injini: sukuma hadi mwisho. Kasi ikifika maili 55 za baharini kwa saa, vuta pua polepole, usiwe na pupa. Ukirudi kutua, shika 65. Ukiona uwanja unakimbia chini yako, umechelewa. Ongeza nguvu, panda, uzunguke upya. Kuzunguka upya si aibu."

Kuzunguka upya si aibu! Laiti ningaliisoma sentensi hiyo kabla ya kuishia kwenye majani mbele ya wazazi.

Ukurasa mwingine ulikuwa na swali alilojiuliza na kulijibu. Kwa nini Cessna ile ile, yenye mafuta yale yale, hukimbia zaidi ardhini ikipaa Nairobi kuliko ikipaa Mombasa? Jibu lake: uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, bawa halipati cha kuegemea vya kutosha na injini haivuti pumzi vizuri. Mombasa iko karibu na bahari, hewa ni nzito. Hilo ni somo la fizikia na jiografia kwa pamoja, nalo alilipata kwenye programu ya bure, juu ya kompyuta ambayo sisi tulikuwa tumeitupa pembeni. Wakati huo sisi wenye ndege ya shilingi 5,900 hatukujua hata swichi ya kuwashia injini iko wapi.

Msinielewe vibaya. Sisemi cha bure ni bora kuliko cha kununua. Ndege yetu ni kazi ya ufundi mkubwa, nami naipenda. Nasema kwamba pesa ilitufungulia mlango, lakini haikutufundisha kutembea ndani ya nyumba. Tena tulifanya kosa la pili, tukaufunga mlango ule kwa mtu pekee kati yetu aliyejua kutembea.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao nimezisikia. Mmoja wa waliochanga aliniambia, "Mimi nilijinyima chapati za mwezi mzima nikachanga. Iweje asiyechanga akae sawa na mimi?" Hoja hii ina uzito, siwezi kuidharau. Lakini nami namuuliza: kompyuta yenyewe ni nani kati yetu aliyeichangia? Usukani je? Stima? Vyote hivyo tulipewa, hakuna aliyetuuliza risiti. Ndege ya nyongeza ni kitu kidogo kilichopandikizwa juu ya mali ya shule nzima. Ndege hiyo kweli ni ya chama kwa mchango wetu, lakini sheria yetu haikufunga ndege tu, ilifunga kompyuta yote, pamoja na gemu ambayo kila mwanafunzi alipewa. Hapo tulivuka mpaka. Na mimi ndimi niliyeshika kalamu.

Mwalimu mmoja naye alisema kwamba huu wote ni mchezo tu, wanafunzi warudi vitabuni. Kwa heshima, mwalimu, nimekwisha kueleza habari ya Nairobi na Mombasa. Naongeza ya Kiswahili. Gemu hizi zinatulazimisha kuulizana: hiki tukiiteje? Kile kibawa kidogo kinachoshushwa wakati wa kutua tukiiteje? Jirani amekiita "kishusho". Mimi napendelea "bawa la kutulia". Tulibishana hadi kengele ikalia. Ubishi wa namna hiyo ndio uhai wa chama cha Kiswahili.

Basi napendekeza mambo manne kwa wapiga kura.

Kwanza, sheria ya asiyechanga haigusi ifutwe. Michango iendelee kwa hiari, na kila shilingi iandikwe na ibandikwe ukutani, kila mtu aione.

Pili, badala yake tuweke kufuli la ujuzi. Kila mwanachama, aliyechanga na asiyechanga, aanze na Cessna 172, ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya hamsini. Hiyo ndiyo iliyowafundisha marubani wengi. Akitua salama mara tatu mfululizo, na akajibu maswali kumi, apewe cheti cha kurusha Caravan, kama zile zinazotoka Wilson kwenda Maasai Mara, ambayo imo katika toleo letu la kawaida. Akifuzu hapo, ndipo aiguse ndege kubwa. Natangaza mapema kwamba mimi mwenyewe sijafuzu. Nimejaribu mara nne. Mara ya nne gurudumu la mbele lilitangulia.

Tatu, kabla ya kununua nyongeza yoyote tutafute kwanza zilizotolewa bure na watu wenye moyo. Hazikosi. Tangu 2020 kikundi cha wajitolea kiitwacho FlyByWire kimekuwa kikiboresha Airbus A320neo na kuitoa bure, na watu wengi huisifu kuliko baadhi ya ndege za kulipiwa. FlightGear nayo imeishi hivyo hivyo tangu 1997, kwa kazi ya wajitolea wa nchi mbalimbali. Tukinunua, tununue kitu kizima, tujue kina nini ndani na kinahitaji intaneti kiasi gani.

Nne, na hili ndilo linalonisisimua zaidi, tuache kuwa wanunuzi na waombaji tu. FlightGear inamruhusu yeyote kuifungua, kuisoma na kuongeza chake. Kuna kiwanja kidogo cha ndege hapa kaunti yetu, chenye mbuzi wengi kuliko ndege. Wenzetu wa kuchora wakichore, wa hisabati wakipime, wa Kiswahili waandike maelezo. Halafu tukitoe bure, mtoto wa Brazili au wa Japani atue kwetu na kusoma "Karibu". Nyongeza hiyo haitahitaji mchango wa mtu.

Zile shilingi 700 zilizobaki kwenye hazina, naomba ruhusa ya wanachama tuzitumie kutoa nakala za daftari la Jirani. Nimekwisha kumuuliza mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema sawa, lakini kwa sharti moja: watu tisa wasiochanga wapewe zao kwanza.

Jarida hili huchukuliwa nyumbani wakati wa likizo na kusomwa na wazazi. Kwa hiyo namalizia kwa mama yule wa leso mpya. Mama, nilikujibu vibaya mbele za watu, nami nakuomba radhi mbele za watu hao hao. Shilingi 300 haikuwa bei ya kiti kile. Mwanao alikuwa amekwisha kukilipia, kwa sarafu ambayo mimi mweka hazina sikujua kuihesabu. Ukija tena Siku ya Wazazi, weka nauli yako kibetini. Yeye ndiye atakayerusha.

Kura ni wiki ya pili ya muhula ujao. Wenye maoni tofauti na wayaandike, mhariri yupo na karatasi ipo. Yangu ni hayo.